Rozi ya porselene juu ya lava: hatimaye ua limetoka

Limetoka jamani! Kikonyo kinene chekundu kimechomoza peke yake pembeni ya majani, na kichwa kimeanza kuvimba.

Wenye kupanda rozi ya porselene (Etlingera elatior, ndugu ya tangawizi) wananielewa. Ua lake halitoki juu kwenye majani, linatoka chini kwenye rizomu (shina linalolala ndani ya udongo), na kikonyo chake chenyewe kisicho na jani. Sasa mimi nilikuwa na majani yanapita ukuta, wapita njia wanasifu, ua hakuna.

Huku Goma tuko mita 1500 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi inachelewesha kweli, lakini shida kubwa ni maji. Parcelle (kiwanja) yangu imekaa juu ya lava ya 2002, ile ilishuka toka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 mwezi wa kwanza ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Unamwaga bidoni ya lita 20, maji inaingia mu nyufa na kupotea palepale. Udongo mweusi wa Kibumba nililipia chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) ilete, mvua ikausomba wote ndani ya mawe, nilisikia uchungu sana. Kila kiangazi ncha za majani zinaungua, mmea unapigania uhai, utapata wapi nguvu ya kutoa ua? Wengine walinishauri nitandike shitingi (turubai la plastiki) chini. Hapana! Maji ikisimama rizomu inaoza.

Kilichofanya kazi ni vigogo vya migomba. Nilipanua shimo na baramini, ule mtaimbo wa chuma (pioshi, yaani sururu, kwa lava ni kujitesa, inaruka tu na mikono inabaki inauma), nikaziba nyufa kubwa na kokoto, nikapanga vigogo vilivyopasuliwa chini kabisa, halafu udongo na samadi, juu maganda ya kahawa. Kigogo cha mgomba kinashika maji kama sifongo, na kikioza kinaachia potasi ambayo maua inaipenda. Kiangazi hiki majani yamebaki kijani mpaka ncha.

Nilipanga sasa nigawanye rizomu nimpe mama jirani, itangoja kwanza, sababu niko nawaza maji ya paa. Bomba toka kwenye gutieri (mfereji wa paa), liende moja kwa moja chini mu vigogo. Majani yasiguswe, sababu volkano ikitoa moshi mwingi mvua yetu inakuwa na asidi, mabati yenyewe yanalika. Bomba nimeshaipata, inabaki kutoboa matundu.