Nilivyowaingiza askari wapya kwenye jeshi la miaka ya 1990

Jeshi la Blood Angels tulilonalo nyumbani, vile visanamu vyekundu vya askari wa mchezo wa vita wa mezani, lilipakwa rangi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipokuwa kijana huku Uingereza. Alianza na sanduku la Warhammer 40,000 la mwaka 1993, lile lenye askari ishirini wa plastiki waitwao Space Marine upande mmoja na majitu ya kijani yaitwayo Ork upande wa pili, akaendelea kuongeza kidogo kidogo. Sasa amemwachia mwanangu, na mwanangu anataka kikosi kipya.

Karibu kila niliyemuuliza alinijibu: loweka wale wa zamani, uwatoe rangi, uanze upya. Ushauri huo uliniudhi na mpaka leo unaniudhi. Ile ni kazi ya mkono wa mtu. Wapya ndio wawafuate wa zamani.

Muuzaji mmoja wa duka la michezo akanihakikishia kwamba nyekundu ni nyekundu: puliza praima (rangi ya kwanza ya chini) nyeusi, paka nyekundu iitwayo Mephiston Red, kisha umwagie Agrax Earthshade, ile rangi nyepesi ya kahawia ya kutia vivuli, mwili mzima. Nilifuata neno kwa neno. Askari akatoka mzuri kweli, mikunjo imekolea, silaha zina uzito. Nikamsimamisha katikati ya wenzake, akaonekana wa jeshi jingine kabisa. Wale wa shemeji walikuwa wanawaka, huyu kapoa kama damu iliyoganda. Nikamwongeza mkono wa pili wa rangi, nikamwongeza wa tatu. Akazidi kuwa mnene, mistari ya deraya ikaanza kufukiwa, na rangi haikusogea hata kidogo kuelekea kule nilikotaka.

Jibu nililipata kwa askari mzee aliyevunjika mkono. Pale bega lilipobanduka, chini ya nyekundu kulikuwa na nyeupe tupu. Praima nyeupe! Nyekundu nyingi za akriliki hazizibi vizuri, kwa hiyo kilichoko chini kinachungulia. Juu ya nyeusi inazama, juu ya nyeupe inang'aa. Ukiwa na jeshi la zamani, kabla hujanunua kopo lolote, tafuta mahali palipobanduka, au chungulia chini ya kwapa na nyuma ya mkoba wa mgongoni.

Kuhusu majina ya rangi: Citadel, wenye rangi hizi, walibadilisha orodha yao yote mwaka 2012, na ile Blood Red ya zamani mrithi wake ni Evil Sunz Scarlet. Jedwali la kulinganisha linakupa pa kuanzia tu. Mimi nilijaribia kwenye vipande vya fremu ya plastiki vinavyobaki ukishakata askari, navyo nilivipulizia praima ileile nyeupe. Acha kipande kikauke kabisa ndipo ulinganishe, maana akriliki ikikauka hukolea. Tena linganisha dirishani mchana. Taa ya sebuleni ilinionyesha rangi mbili kuwa sawa, asubuhi zikakataana.

Bado kulikuwa na tofauti ndogo. Vanishi ya shemeji imegeuka njano kwa miaka, hata alama nyeupe za mabegani zimekuwa za krimu. Hapa ndipo ninapojivunia. Nilichukua Seraphim Sepia, rangi nyepesi ya kahawia-njano, nikaizimua sana kwa Lahmian Medium, kimiminika kisicho na rangi, nikapitisha juu ya askari mpya aliyekwisha kamilika, nyekundu na nyeupe na kila kitu. Mkono mmoja mwepesi, nikiifyonza kwa brashi safi kila ilipotaka kutuama. Alipokauka alikuwa amezeeka papo hapo. Mwanangu alimchukua akamweka kikosini bila kuuliza yupi ni yupi.

Usisahau kuiga mkono wenyewe. Shemeji alichora kingo za deraya kwa mistari minene ya rangi ya chungwa, nami nikafanya hivyohivyo kwa Troll Slayer Orange, ingawa naweza kuchora myembamba zaidi. Macho ya kijani, kofia za njano kwa kikosi cha mashambulizi, bluu kwa wenye silaha nzito. Hayo wachezaji wanayajua.

Vitako navyo, yale majukwaa madogo wanayosimama askari, ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Vya miaka ile ni kijani kikali, mchanga na ukingo vyote. Goblin Green haipo tena, Warboss Green inatosha. Ukiweka wapya juu ya udongo wa kijivu wa kisasa, hata nyekundu ikilingana jicho litawatenga. Kwa wale wakubwa wa Primaris, Space Marine wa toleo jipya, waliotoka 2017 na wana vitako vya milimita 32 badala ya 25, nimewapanga kikosi chao peke yao, maana urefu haufichiki kwa rangi.

Gharama haikuwa kubwa: makopo machache, praima moja ya kupuliza, na vanishi isiyong'aa ya kumalizia kwa wapya na wa zamani pamoja. Ijaribu kwanza kwa mmoja wa zamani, siku isiyo na unyevunyevu, maana unyevu huiachia ukungu mweupe.

Mchanganyiko wa sepia uliobaki nimeuhifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko cha kubana, nimeandika vipimo juu yake. Shemeji amekwisha sema ana gari la kivita la Rhino la jeshi hilohilo darini kwake ambalo hakulimaliza.