Wa kushirikishwa tu

Hii ni siku ya nne tangu binti yangu aniulize swali ambalo nililijibu vibaya, na kila ninapozima taa nilale, swali hilo hurudi kwa sauti yake ileile ya upole, sauti ya mtu anayetaka kujua na asiyekusudia kumshinda yeyote. Katika siku hizo nne mama amefanyiwa upasuaji wa jicho, mkuu wetu wa idara ameaga kazini bila kutaja sababu, na kaka yangu hatimaye amepeleka posa. Lakini nikiketi kuandika, kalamu inakwenda palepale.

Mnaikumbuka orodha yangu ya albamu kumi za hip hop, ile ninayoiandika upya kwa mkono kila mwaka unapoanza na kuibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati la santuri na sidii. Kitindamimba wangu alikuwa akitafuta waya wa chaja humo kabatini. Akasimama mbele ya karatasi ile muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kisha akageuka.

"Baba, mbona wanawake wote humu ni wa kushirikishwa tu?"

"Mwanangu, hii ni orodha ya ubora. Sikutazama nani mwanamume, nani mwanamke."

"Na Lauryn Hill?"

"Albamu yake, Miseducation, ni kazi nzuri sana, lakini ni ya kuimba zaidi kuliko kuchana mistari ya rap."

"Na OutKast kwenye Aquemini hawaimbi?"

Nilinyamaza. Nikasema tutaongea baadaye, naye akajibu, "Sawa, Baba," akachukua waya wake akaenda zake. Hakununa wala hakutabasamu. Ningekuwa na nafuu kama angefanya mojawapo.

Neno lililonichoma ni "kushirikishwa". Ndilo neno letu la kawaida kwa msanii anayeitwa kutia mistari michache au kiitikio katika wimbo wa mwenzake, nami nimelitumia maisha yangu yote bila kulisikia. Binti yangu alilitamka nami nikalisikia kwa mara ya kwanza: anayeshirikishwa ameitwa na mwenye kazi, na mwenye kazi ndiye anayeamua aingie wapi na anyamaze lini.

Usiku wa kwanza nilifanya alichokifanya yeye, nikashusha kidole. Katika kumi zangu hakuna albamu hata moja ambayo jina lililo juu ya jalada ni la mwanamke. Katika The Low End Theory ya A Tribe Called Quest, ya 1991, yumo Vinia Mojica, anaimba kidogo na kuondoka. Katika Aquemini ya 1998 Erykah Badu anaingia karibu na mwisho. Katika Madvillainy ya Madvillain, ya 2004, Stacy Epps ana wimbo mfupi. Katika To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, ya 2015, Rapsody anapewa ubeti mmoja, ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa beti bora za albamu nzima. Katika albamu ya kwanza ya Wu-Tang Clan, ya 1993, kuna sauti ya mwanamke inayolia kwa uchungu ambao umenifuata miaka mingi, nayo ni ya Wendy Rene, iliyokatwa kutoka wimbo wake wa 1964 na kupachikwa chini ya mdundo. Huyo hata kuitwa studio hakuitwa. Na katika Ready to Die ya The Notorious B.I.G., ya 1994, Lil' Kim, ambaye miaka miwili baadaye angetoa albamu yake mwenyewe, Hard Core, anasikika katika kipande kimoja kati ya nyimbo, na kazi aliyopewa humo ni kutoa milio ya chumbani. Kwa miaka yote ambayo binti yangu amekuwa akiingia na kutoka sebuleni, nimekuwa nikikiruka kipande hicho. Nilidhani namkinga. Sikuwahi kujiuliza kwa nini sikuona haja ya kukitaja pale nilipokuwa nikiisifu albamu hiyo mbele ya marafiki zangu kuwa haina doa.

Jibu langu kuhusu kuimba ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu nilipolitoa nililiamini. Miseducation ya Lauryn Hill ilitoka Agosti 1998, na Aquemini ya OutKast ikafuata Septemba ya mwaka huohuo. Katika Aquemini kuna wimbo wa karibu dakika tisa ambao karibu wote ni wa kuimba na kughani, na nimewahi kuandika hapa kwamba wimbo huo unaonyesha jinsi hip hop ilivyo na kifua kipana. Kwa hiyo wanaume wakiimba, nasema wameipanua hip hop. Mwanamke akiimba, nasema ametoka nje ya hip hop. Niligeuza hoja hiyo huku na huku nikitafuta upenyo, na sikuuona. Tena si kweli kwamba hachani. Mtu aisikilize "Final Hour" kuanzia mwanzo hadi mwisho, ahesabu vina vinavyogongana ndani ya mstari mmoja kabla mstari haujafika ukingoni, aone jinsi pumzi inavyogawanywa bila kudondosha neno, kisha aniambie ni rapa gani wa mwaka ule angesimama karibu naye bila kujiandaa.

Usiku wa pili nilianza kutafuta pa kujiegemeza, na nikapapata mahali ambapo sikutarajia, kwenye Illmatic. Albamu hiyo ya Nas iko juu kabisa ya orodha yangu tangu nianze kuiandika, nami siogopi kusema itabaki hapo: ni utangulizi na nyimbo tisa, haifiki dakika 40, na haina mstari wa kujazia nafasi. Rapa pekee aliyeshirikishwa humo ni AZ. Hakuna mwanamke anayechana. Lakini aliyemsainisha Nas katika kampuni ya Columbia alikuwa Faith Newman, ambaye ni mtayarishaji mtendaji wa albamu hiyo pamoja na MC Serch. Na tahakiki iliyochapishwa katika jarida la The Source mwaka 1994, ile iliyoipa maikrofoni tano, alama ya juu kabisa ya jarida hilo, na kuitangaza kuwa ni kazi ya kudumu, iliandikwa na mwanamke kijana, Minya Oh. Nilijua majina yote mawili. Nimeyasoma kwa miaka, nikayapita kama mtu anavyopita majina ya walioshona nguo.

Kutoka hapo nikarudi nyuma zaidi. Nas alikulia katika majengo ya Queensbridge, na miaka kumi kabla ya Illmatic, mwaka 1984, msichana wa miaka 14 wa majengo hayohayo, Roxanne Shanté, alirekodi na Marley Marl majibu ya papo kwa papo kwa kundi la wanaume waliomwimba Roxanne wao wa kubuni, na majibu hayo yakazua mlolongo mrefu wa nyimbo za kujibizana ambao haukuwa na mfano kabla yake. Wimbo wa kwanza wa rap kuvuma sana nje ya mitaa ya New York, mwaka 1979, ulitoka katika kampuni ya Sylvia Robinson. Na ile sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue kule Bronx, ambayo sote tunaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, haikuandaliwa na DJ Kool Herc. Herc alicheza santuri. Aliyeiandaa ni dada yake, Cindy Campbell, aliyetaka fedha za kununulia nguo za kurudi shuleni; wasichana walilipa senti 25 na wavulana senti 50. Mwenye sherehe alikuwa msichana, na aliyeshirikishwa, kwa maana ileile aliyoikusudia binti yangu, alikuwa kaka.

Nilifurahi sana kufika hapo. Nilisimama katikati ya sebule saa nane za usiku nikiwa na hamu ya kwenda kumwamsha. Halafu nikaketi tena, kwa sababu nililisikia swali lake likirudi na nikatambua kwamba bado sikuwa nimelijibu. Yeye hakuuliza ni nani aliyefungua mlango, nani aliyelipia ukumbi, nani aliyeandika sifa. Aliuliza ni nani mwenye albamu. Kumpelekea majina ya wanawake waliowasaidia wanaume kusikika, tena kwa furaha, kungekuwa ni kumwambia kwa mara ya pili jambo lilelile lililoko kwenye karatasi ya kabatini.

Basi siku ya tatu, baada ya kumpeleka mama hospitali na kumrudisha, nilifanya jambo pekee ambalo shabiki anaweza kulifanya, nikasikiliza. Nilianza na Lyte as a Rock ya MC Lyte, ya 1988, ambayo huhesabiwa kuwa albamu kamili ya kwanza ya rapa wa kike aliyesimama peke yake. Midundo yake imechakaa katika sehemu kadhaa na sitadai vinginevyo. Ila ule wimbo wake kuhusu kijana Sam, ambapo msichana anasimulia ubeti baada ya ubeti jinsi anavyohisi kuna mwingine kati yao, mpaka tunapotambua kwamba huyo mwingine ni kokeni, ni usimulizi ambao ningeutangaza kila mahali kama ungekuwa wa mmoja wa wale kumi wangu.

Kisha nikaiweka Miseducation, na kwa mara ya kwanza nikausikiliza utangulizi wake pasipo haraka ya kuufikia wimbo wa kwanza. Kengele ya shule inalia, mwalimu anaita majina ya wanafunzi, nao wanaitika mmoja mmoja. Mwalimu huyo ni Ras Baraka, aliyekuja kuwa meya wa Newark. Anafika kwenye jina la Lauryn Hill. Analiita, analirudia, na hakuna anayeitika. Nimeumiliki mkanda na sidii ya albamu hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kuona kwamba kila mwaka mpya nami nilikuwa nikikaa na daftari langu la mahudhurio, nikiita majina kumi, na la kwake nikiliandikia kwamba hayupo.

Niliisikiliza yote mara mbili. Humo Carlos Santana anapiga gitaa, na D'Angelo, sauti ninayoipenda kupita nyingi, anaingia kama mgeni na kuimba pale alipoelekezwa. Sitaficha kwamba baadhi ya wanamuziki waliofanya naye kazi walimshtaki wakidai majina yao hayakutajwa ipasavyo, na kwamba shauri hilo lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2001. Anayedai haki ya kutajwa hawezi kulinyamazia hilo. Lakini sauti iliyoibeba albamu ile kutoka kengele hadi mwisho ni moja. Mwaka 1999 ilikuwa albamu ya kwanza ya hip hop kupewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na ya pili kupata heshima hiyo ilikuwa ya OutKast, walewale wa Aquemini, mwaka 2004. Waliokuwa wakigawa tuzo hawakusumbuka kama ni ya kuimba au ya kuchana. Mimi ndiye niliyesumbuka.

Mwishowe niliweka Eve ya Rapsody, ya 2019, ambayo kila wimbo una jina la mwanamke mweusi. Nilipofika kwenye ule wa Ibtihaj nilisikia sauti ninayoifahamu kama ya jirani, nikanyanyuka kitini. Alikuwa GZA wa Wu-Tang Clan, na kando yake D'Angelo tena, wote wawili wameshirikishwa, wakichana na kuimba juu ya mdundo uliotokana na kazi ya GZA mwenyewe, ndani ya nyumba ya mwanamke ambaye mimi nilimfahamu kwa ubeti mmoja katika albamu ya Kendrick Lamar.

Jana usiku niliibandua karatasi. Miseducation sasa ni ya tatu. Iliyotoka ni The Blueprint ya Jay-Z, ya 2001, albamu ambayo sampuli zake za soul zilizokatwa na Kanye West na Just Blaze bado hunisisimua, lakini nikijiuliza bila kujionea huruma, nilikuwa nimeiweka kwa sababu ya joto la bifu la wakati ule zaidi ya mistari yenyewe. Ready to Die imebaki, imeshuka hadi ya tisa, na nitamweleza binti yangu sababu ya kubaki kwake pamoja na lile nililokuwa nikiliruka. Eve sijaiweka. Nahitaji kuishi nayo kwanza, kama nilivyoishi na hizo nyingine, na yeye mwenyewe angetambua mara moja kama ningeipachika ili nimridhishe.

Hajafungua kabati tangu siku ile. Nimeweka waya wa chaja humo, mahali pake pa zamani.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini mama amepiga simu sasa hivi. Anasema bandeji imetoka bila maumivu, ila kila anapoitazama taa anaona duara la rangi kuizunguka, na upande wa kushoto kuna kitu kama utando unaocheza. Amesema kwa sauti nyepesi mno, kama anavyofanya asipotaka tuhangaike. Daktari hatamwona hadi keshokutwa, na sijui kama keshokutwa si mbali.