Ofisi ilitaka vipimo vyangu, nikawapa ED peke yake

Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi. Leo nalisema mwenyewe, kwa hiari yangu. Watu wa kazini walipolijua mara ya kwanza, hakuna aliyeniuliza kama nataka lijulikane.

Mimi ni mtunza stoo kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mambo yetu yote ya kazi yanapita kwenye grupu la WhatsApp: zamu, mzigo unaoingia, nani kachelewa. Ukiumwa, unapiga picha ED yako, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi, unaitupia humo, msimamizi anapanga mtu wa kushika nafasi yako. Hakuna aliyewahi kuuandika utaratibu huo. Tuliukuta, tukaufuata.

Asubuhi moja niliamka siwezi kusimama kwa maumivu na damu inatoka kupita kiasi. Nikapelekwa hospitali, nikatundikiwa dripu, nikapewa ED ya siku 3. Niliituma kwenye grupu nikiwa bado kitandani, bila kuisoma. Chini ya tarehe, daktari alikuwa ameandika ugonjwa wenyewe kwa Kiingereza, na kijana mmoja wa mauzo akatafuta maana yake kwenye simu.

Kufika jioni nilikuwa na ujumbe zaidi ya kumi. Wengine walinipa pole za dhati, na ninawashukuru mpaka leo. Wengine walinitajia dawa za majani. Dada mmoja aliniuliza, "Sasa mpenzi, utazaa kweli?" Lililoniumiza kuliko yote ni kwamba shemeji yangu anafanya kazi ghala la jirani, na habari ilimfikia mama mkwe kabla sijakaa na mume wangu nikamweleza vizuri. Akanipigia simu usiku ule akitaka kujua kwa nini nilimficha mwanawe. Sikuwa nimemficha. Nilikuwa sijapata hata siku moja ya kulitafakari mwenyewe.

Kwa hiyo miezi minne baadaye, nilipopangiwa upasuaji, nilikuwa nimeshaamua kwamba karatasi yangu haiingii tena kwenye grupu. Niliporuhusiwa kutoka hospitali na ED ya siku 42, niliifunga kwenye bahasha, mdogo wangu akaipeleka mkononi kwa afisa utumishi. Msimamizi nilimtumia ujumbe mfupi tu: "Kaka, nitakuwa nje kwa ugonjwa hadi tarehe fulani, ED iko utumishi."

Siku ya pili mama wa utumishi akapiga simu. Nikamwamkia, akanipa pole, kisha akasema: "Mwanangu, siku 42 ni nyingi. Nitumie picha ya karatasi ya ultrasound na ile waliyokuruhusia, la sivyo uhasibu watakukata." Alitaka nitume kwenye simu yake binafsi. Nilikuwa nimelala chali, mshono haujakauka, mshahara unatoka tarehe 25. Kidogo nitume.

Kilichonizuia ni mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, aliyekuja kunijulia hali jioni ile. Alikuwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu yake, tukasoma kifungu cha 32 pamoja. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri anaweza kukataa kulipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Nilikisoma kifungu kile mara tatu. Kinadai cheti. Picha ya ultrasound sikuiona popote. Akanikumbusha pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: taarifa za afya ni taarifa nyeti, na kimsingi anayetaka kuzitumia anahitaji ridhaa yako ya maandishi. Kama wangenikata mshahara tungekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa mgogoro wa namna hiyo kuna siku 60 za kuuwasilisha. Kujua mlango huo upo kulinitoa hofu, ingawa sikutaka tufike huko.

Nisimwonee yule mama. Ghala letu lilikuwa limemkamata mtu aliyeleta ED yenye muhuri wa kughushi, na kila mtu mjini anajua ED za kununua zipo. Alichokuwa anahitaji ni kuhakikisha kwamba nilitibiwa kweli na kwamba cheti kimetoka pale kilipoandikwa kimetoka. Hilo ni haki yake. Nikaona nimpe njia ya kulihakikisha bila kumfungulia tumbo langu.

Siku ya kwenda kutolewa nyuzi nilimwomba daktari aniandikie cheti kingine kisichotaja ugonjwa. Hakushangaa. Alisema wagonjwa wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba hivyo, na wakati wa kuomba ni kabla muhuri haujagongwa. Aliandika kwamba nimetibiwa hospitalini hapo, sifai kufanya kazi kuanzia tarehe hii hadi hii, na nikirudi nisinyanyue mzigo mzito kwa wiki 6. Akaweka jina lake, namba yake ya usajili, namba ya faili langu, muhuri, na simu ya hospitali.

Cheti hicho nilikiambatanisha na barua. Naiweka hapa kwa sababu wengi wameniomba:

"Naambatanisha cheti cha daktari kinachothibitisha likizo yangu ya ugonjwa kwa mujibu wa kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Naridhia ofisi iwasiliane na hospitali kuthibitisha kwamba cheti hiki kimetolewa nao na kwamba tarehe zake ni sahihi. Siridhii ofisi kuomba au kupewa taarifa za ugonjwa wangu, vipimo au matibabu. Naomba pia cheti hiki kisiwekwe kwenye grupu la WhatsApp."

Nilikaa siku tatu bila jibu, roho juu. Ya nne akapiga: amewapigia hospitali, wamethibitisha, mshahara hautaguswa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini uko salama, mwanangu?" Nikamwambia niko salama, mama, asante.

Lile la mzigo mzito ni lazima nilieleze, kwa sababu kuna anayedhani faragha maana yake ni kunyamaza kabisa. Stoo ni kazi ya kuinua maboksi. Nisingeweza kudai kazi nyepesi halafu nikatae kusema lolote. Kuna kazi pia, kama za wapishi na wahudumu wa chakula, ambazo kupimwa afya ni sharti la kazi yenyewe. Ofisi inapaswa kujua nini siwezi kufanya na mpaka lini. Niliporudi nilikaa dawati la kupokea hati kwa wiki zote 6, na msimamizi hakuniuliza sababu.

Baada ya hapo utumishi walibandika tangazo ubaoni: ED zipelekwe ofisini kwenye bahasha, kwenye grupu mtu aseme tarehe tu. Niliomba pia ile picha yangu ya zamani ifutwe. Msimamizi akajaribu, lakini muda wa kuifuta kwa wote ulikuwa umepita zamani, ikabidi aombe kila mtu afute kwenye simu yake. Wengine walinionyesha kwamba wamefuta. Wengine waliacha kazi wakaondoka na simu zao, na hao sina namna ya kuwafikia.