Marehemu wa Ubaoni

Jumatatu ya tarehe 5 Julai 2004, saa tatu asubuhi, mchumba wangu na mimi tuliingia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya mjini Morogoro kutoa taarifa ya nia yetu ya kufunga ndoa. Nilikuwa na umri wa miaka 28 na nilikuwa nikifundisha sekondari. Yeye alikuwa mpima ardhi, mzaliwa wa Pangani, Mwislamu. Mimi ni Mlutheri wa Machame. Kwa maelezo hayo msomaji wa Tanzania Bara atakuwa amekwisha kuelewa kwa nini tulielekea bomani, lakini nitaongeza kidogo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba wanaooana bomani ni watu wasio na dini au wenye jambo la kuficha.

Dini tulikuwa nazo, tena mbili. Shehe wa kwao alimweleza kwamba mwanamke wa watu wa Kitabu anaruhusiwa, ila wazee wa ukoo walitaka nisilimu kwanza. Mchungaji wangu, mtu mpole, alinieleza bila kuzunguka kwamba ndoa iliyofungwa nje ya kanisa ingenitenga na Meza ya Bwana mpaka nitakapotengeneza mambo yangu. Milango yote miwili ilikuwa wazi, ila kila mmoja ulimtaka mmoja wetu avue kitu kizingitini. Kuhusu jambo la kuficha, hapo sina utetezi mkubwa. Wazazi wangu walimfahamu mchumba wangu kwa jina tu. Mama alikuwa amekataa waziwazi. Baba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alisema "tutaona" mwezi wa Januari na hakuongeza neno tangu siku hiyo. Siku ya kwenda bomani sikuwaambia.

Karani aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na kitenge mabegani, maana Julai ya Morogoro, upepo unaposhuka kutoka Uluguru, si ya kudharauliwa asubuhi. Alikagua vyeti vyetu vya kuzaliwa, picha ndogo na barua za serikali za mitaa, kisha akatueleza utaratibu kama mtu aliyeueleza mara nyingi bila kuuchoka. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, alisema, watu wanaotaka kuoana hutoa taarifa kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla ya siku ya ndoa, na taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi aweze kulitoa. Pingamizi haliwi maneno ya barazani. Huandikwa, hutiwa saini, hueleza kizuizi ambacho sheria inakitambua, kwa mfano kwamba wahusika ni ndugu wa damu wasioweza kuoana au kwamba mwanamke bado ni mke wa mtu, na huamuliwa na mahakama.

"Na kama mtu hapendi tu?" niliuliza.

"Dada yangu, kutopenda si kizuizi. Asiyependa hatakuja kula pilau, basi."

Mchumba wangu aliuliza kama kulikuwa na njia ya kufupisha siku hizo, kwa kuwa kazi ya upimaji ingempeleka Kilombero mwezi wa Agosti. Karani alijibu kwamba Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni ya kuondoa sharti la taarifa kwa mwenye sababu ya kutosha, ila alitutazama kwa namna iliyoonyesha kwamba safari ya Kilombero haikumtosha. Tukakubali siku 21, tukapanga ndoa iwe Ijumaa ya tarehe 30.

Kisha zikaja fomu. Kwa kuwa mwandiko wa mpima ardhi unasomwa na wapima ardhi wenzake peke yao, nilijaza mimi kwa niaba yetu wote wawili, naye akanitajia ya kwao. Majina, umri, makazi. Nilipoandika miaka 28 karani alitabasamu na kusema kwamba nimekwisha kuvuka umri wa kuombewa ruhusa kwa baba, na akatusomea kifungu kinachomtaka msichana aliye chini ya miaka 18 awe na idhini ya mzazi. Wakati huo sheria ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini hiyo, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18; ilichukua mpaka mwaka 2016 Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mpaka 2019 Mahakama ya Rufani kukubaliana nayo. Siku ile niliwafikiria wasichana wangu wa kidato cha pili, nikaendelea kujaza.

Tulipofika kwenye hali ya kila mmoja, karani aliweka kalamu chini na kumgeukia mwenzangu. "Kaka, ndoa hii ni ya mke mmoja, au unaacha nafasi?"

Swali hilo lina msingi wake, kwa sababu sheria ileile inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, na aina hiyo huandikwa kwenye cheti. Hata hivyo sikuwa nimejiandaa kulisikia likiulizwa mbele yangu kama mtu anayeulizwa kama chai yake iwe na sukari. Mwenzangu alijibu, "Mmoja, mama." Karani akasema, "Basi iandike wewe mwenyewe, isiwe ni yeye aliyekuandikia," na hapo ndipo mahali pekee kwenye fomu ile penye mwandiko wa mpima ardhi.

Nadhani ni kwa sababu ya swali hilo kwamba sehemu iliyofuata niliijaza mawazo yakiwa mbali. Taarifa inataka majina ya wazazi wa pande zote mbili na mahali wanapoishi. Baba mkwe wangu alifariki mwaka 1998, kwa hiyo ilibidi jina lake litanguliwe na neno "marehemu". Neno nililiandika, kwa hati nzuri kabisa, ila nililiandika kwenye mstari usio wake. Tulitia saini wote wawili bila kuona kosa. Karani akapiga chapa kama lilivyo, na kabla ya saa sita tangazo letu lilikuwa ubaoni barazani, nyuma ya wavu wa waya, katikati ya tangazo la mnada wa ng'ombe na orodha ya walioitwa kwenye usaili wa watendaji wa vijiji. Kwa mujibu wa karatasi hiyo nilikuwa binti wa marehemu mwalimu fulani wa Machame, nami nilikuwa naolewa na mwana wa mzee fulani wa Pangani, mzima wa afya.

Ubao huo nilidhani hausomwi na mtu. Nimejifunza tangu hapo kwamba ofisi ya serikali ina foleni, na mwenye kusimama kwenye foleni husoma chochote kilicho mbele yake. Siku ya nane, Jumanne, mtu wa kwetu aliyekuwa amefuatilia shauri la kiwanja alisoma ubao mzima, akakuta jina la Machame, akakuta jina la mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu, na akakuta neno lililotangulia jina hilo. Alifanya ambalo mtu yeyote mwenye adabu angefanya: alipiga simu nyumbani kutoa pole. Wakati huo kijijini simu za mkononi zilikuwa chache, na aliyoipata ilikuwa ya mwenye duka la jirani. Akamwambia kwamba amesikitika sana kusikia Mwalimu ametutoka, na akauliza kwa uchungu kwa nini watu wa Morogoro hawakupewa taarifa waje kuzika. Mwenye duka alimwambia asubiri, akampa simu Mwalimu mwenyewe, ambaye alikuwa ameketi pale nje akisoma gazeti.

Mazungumzo yao sikuyasikia, na baba hakuwahi kunisimulia yote. Ninachojua ni kwamba alimuuliza mwanafunzi wake mambo mawili: neno hilo limeandikwa wapi, na karatasi hiyo inasema nini kingine.

Alhamisi alipanda basi Moshi, akapita Korogwe, Segera na Chalinze, akashuka Msamvu jioni na kulala nyumba ya wageni karibu na stendi bila kunijulisha. Ijumaa asubuhi, tarehe 16, mjumbe kutoka bomani alinifuata shuleni kipindi cha pili kikiendelea. Karani alikuwa amemtuma aniambie hivi: "Njoo haraka, marehemu yuko hapa."

Nilimkuta barazani amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, koti la kanisani mwilini, akisoma kwa utulivu aliokuwa akiusomea madaftari yetu. Nilimwamkia nikipiga goti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa mtoto. Aliitikia, kisha akasema bila kugeuka, "Nimekuja kuhakikisha kama nimekufa. Nilitaka kujua pia nilikufa kwa ugonjwa gani."

Sikuwa na jibu. Nilisema kwamba ni kosa la kalamu, yeye akasema kosa la kalamu analijua, amelisahihisha miaka 34. Ambalo halijui ni mtoto wake kuolewa kwa tangazo la ubaoni kana kwamba ni ng'ombe wa mnada. Akaonyesha kwa kidole tangazo la jirani yetu. Karani, ambaye alikuwa mlangoni, alimuuliza kwa heshima kama amekuja kuweka pingamizi, kwa sababu kama ndivyo ampatie karatasi. Moyo wangu ulisimama, ingawa nilijua wazi kwamba hakuwa na kizuizi chochote cha kisheria cha kuandika.

Baba aliomba kiti kwanza. Alipoketi alimwambia karani, si mimi, kwamba mwaka 1969 Serikali ilipotoa waraka wa mapendekezo ya sheria ya ndoa ili wananchi waujadili, yeye akiwa mwalimu kijana ndiye aliyekuwa akiwasomea wazee na kuwafafanulia. Wazee walilalamika kwamba serikali inaingia chumbani mwa watu. Yeye aliutetea waraka ule kifungu kwa kifungu, na zaidi ya yote aliipenda ile hoja kwamba nchi moja iwe na sheria moja ya ndoa, ili Mchaga na Mzigua, Mkristo na Mwislamu, wawe na mahali pamoja pa kusimama. "Nilikuwa nawatetea watoto wa watu wengine," alisema. "Sikujua nasomea wangu."

Kisha akavua miwani, akaifuta, na akaeleza haja yake. Alitaka tangazo lisahihishwe. Hakutaka kitu kingine.

Karani aliingia ndani kwa Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye ndiye msajili, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyotaka. Aliporudi alisema kwamba taarifa yenye jina la mzazi aliye hai likiwa limeandikwa marehemu haiwezi kuachwa, na kwamba kwa usalama ingejazwa mpya, itiwe saini na sisi wawili, na siku zihesabiwe upya kuanzia hapo. Siku 21 kutoka Ijumaa ile zingeishia tarehe 6 Agosti, wakati ofisi nzima ingekuwa kwenye viwanja vya Nane Nane, kwa hiyo ndoa isingefungwa kabla ya Jumanne ya tarehe 10. Nilianza kulalamika kuhusu ukumbi na kuhusu Kilombero, lakini baba alinikata kauli.

"Zianze upya. Mama yako anazihitaji siku hizo kuliko wewe."

Mwenzangu aliitwa kutoka kazini. Alifika na viatu vyenye udongo mwekundu, akiwa amekwisha kuambiwa ni nani anayemsubiri, na alitoa shikamoo akiwa bado mbali kama watu wa pwani wanavyofanya wanapotaka kuonekana wamelelewa. Baba alimtazama toka viatu mpaka kichwa.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefiwa hasa?"

"Ndiyo, mzee. Mwaka 1998."

"Pole, mwanangu. Basi andika vizuri jina la baba yako, asije akahangaika."

Safari hii mstari wa wazazi wa kwao aliujaza yeye kwa herufi kubwa. Baba aliisoma fomu yote, akairudisha bila kutia alama, kwa kuwa sheria haikuhitaji chochote kutoka kwake na yeye hakupenda kujaza nafasi ambazo hazikuwekwa. Aliomba apewe tangazo la zamani akamwonyeshe mama. Karani alikataa, akisema ni karatasi ya serikali na mahali pake ni kwenye faili. Hapo baba alitoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa koti, kalamu ambayo sijui kwa nini mtu aliyestaafu alikuwa bado anatembea nayo, akalikata neno "marehemu" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni herufi za kwanza za jina lake, na kuikabidhi. Karani hakumzuia. Nina hakika karatasi hiyo iko kwenye faili mpaka leo.

Tarehe 10 Agosti tulifunga ndoa mbele ya msajili na mashahidi wawili, kwa muda usiozidi nusu saa. Baba alikaa safu ya mbele. Mama alikuwa amefika Morogoro tangu jana yake, ila alisema bomani hatakanyaga, na hakukanyaga. Tulimkuta nyumbani kwa wifi yangu, jikoni, amejifunga khanga kiunoni akisimamia sufuria ambazo hakuna aliyemwomba azisimamie. Alinawa mikono, akaifuta vizuri, akaomba cheti. Alikipeleka dirishani kwenye mwanga na kukisoma polepole mpaka alipofika kwenye aina ya ndoa, akaweka kidole hapo, akasoma tena: mke mmoja. Alikirudisha kwenye bahasha, akampa mwenzangu aishike yeye, na akauliza kama watu wamekwisha kunawa, kwa sababu pilau inapoa.