Hopa ya kuku, jaribio la 19: mahindi yameshuka yote

Yameshuka! Ndoo nzima ya lita 20, hadi punje ya mwisho, bila mimi kugusa kitu. Wiki tatu nimekuwa nikiigonga hopa hii, chombo kinachoshusha mahindi kwenye sahani ya kuku, kwa mpini wa nyundo kila alfajiri, kuku wamenizunguka miguuni.

Tundu ni bomba la inchi moja na nusu. Punje zangu zina milimita 11 hivi, kwa hiyo upana haufiki punje nne. Najua inashauriwa tano au sita, lakini nikilipanua sahani inafurika na chakula kinaishia kwenye kinyesi.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba mahindi yale yale leo yanashuka, kesho yanagoma. Nikadhani ni unyevu, nikayaanika siku mbili. Wapi! Nikajaza hadi ukingoni ili uzito usukume. Wapi! Hilo mhandisi Mjerumani Janssen alilieleza tangu 1895: punje huegemeana na kuubebesha ukuta uzito, chini kunafika kidogo tu.

Mwishowe nikakata dirisha, nikabandika plastiki ya chupa, nikachungulia. Punje sita zimeshikana mabega juu ya tundu, tao kamili. Nikigonga linabomoka, lakini kila pigo linayashindilia yaliyo juu, kila punje inaingia kwenye pengo la mwenzake. Rundo lililoshindiliwa halitembei mpaka kwanza litanuke, na pale kooni nafasi ya kutanuka haipo. Nyundo yangu ndiyo iliyokuwa ikijenga tao linalofuata! Yaliyomiminwa taratibu, yakalala huru, yalianza kushuka yenyewe.

Dawa yenyewe ni kizuizi. Mtafiti Iker Zuriguel na wenzake, Hispania, walionyesha mwaka 2011 kwamba kitu cha mviringo kikiwekwa juu ya tundu, mahali panapofaa, kuziba kunaweza kupungua hata mara mia. Nimening'iniza tufe la mbao kwa waya. Sentimita 3 juu ya tundu, likaziba lenyewe. Sentimita 10, hakuna tofauti. Sita, mteremko kama maji. Linapunguza mgandamizo pale pale tao linapozaliwa.

Waya ufungwe kwa riveti. Gundi ya moto msiiguse, jua la saa saba liliilainisha na tufe likaanguka.

Mota na saa ya kulishia bado ziko kwenye boksi. Nilipanga kuzifunga Jumamosi, ila sasa nawaza mchele: punje ndefu zikitiririka hujipanga kufuata mkondo. Nimeshapaka rangi punje 200 niziangalie dirishani.