Kupiga picha Rath Yatra, Puri
Mnaokwenda Puri, jimbo la Odisha, India, kupiga picha za Rath Yatra, sherehe ya Kihindu ambapo watu huvuta kwa kamba magari makubwa ya miungu, mwezi Juni au Julai, wahini nafasi juu ya paa kando ya Bada Danda, barabara kuu ya msafara. Chini umati unakubana hadi mikono hainuki. Gari la mungu Balabhadra, magurudumu 14, hutangulia. La Subhadra lina 12. La Jagannath, 16, hufunga msafara. Kamba ikikazwa gari hushtuka ghafla, kwa hiyo kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde mapema. Usisahau nyuso za wavutaji, jasho na mvua vikichuruzika pamoja: hizo ndizo picha zenyewe! Kinachoharibu ni ukungu kwenye lenzi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera nusu saa ndani ya mfuko uliofungwa. Alfajiri shukeni ufukweni. Wavuvi wanachambua nyavu, samaki bado wanarukaruka mchangani. Ombeni ruhusa kwanza.