Bonyeza tena

Mwanga, Kigoma. Saa tano usiku.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa chuo. Steshenari yangu ina kompyuta sita na laini moja ya intaneti. Benchi la nje lilijaa mpaka watoto wa watu wakageuza ndoo kuwa viti. Kufika saa nane mchana ukurasa haufunguki, kale kaduara kanazunguka tu. Nami, fundi mzima, napita nyuma ya viti nikisema, "Bonyeza tena. Bonyeza tena."

Mzee mmoja aliyekuja na binti yake kutoka Ujiji akaniuliza, "Mwanangu, tukibonyeza wote kwa pamoja si ndiyo tunabanana mlangoni?"

"Hapana, baba. Ni mtandao huo."

Hilo jibu langu ndilo linaloninyima usingizi. Nilichoulizwa na mzee nilishakisoma chuoni, na jina la aliyekitatua nalijua: Van Jacobson.

Oktoba 1986 intaneti ya wakati huo ilikwama. Jacobson alikuwa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, na chuo kikuu cha Berkeley kiko hapo chini ya kilima, kama mita 370. Ni kutoka mlangoni kwangu hadi kwa mama muuza migebuka. Kasi kati ya sehemu hizo mbili ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Biti 40 ni herufi tano. Neno "Kigoma" lisingeisha ndani ya sekunde moja.

Waya haukukatika. Kompyuta zilituma pakiti (sisemi kifurushi cha wiki, nasema vile vipande vidogo vya data), majibu yakichelewa zikadhani zimepotea, zikatuma tena. Hizo za pili zikarefusha foleni, foleni ikachelewesha majibu, zikatuma tena.

Dawa aliyoiandika pamoja na Michael Karels mwaka 1988 ni ya kushangaza kwa udogo wake. Anza na pakiti moja. Ikiitikiwa, tuma mbili, zikiitikiwa, nne. Ukiona moja imepotea, punguza. Hakuna aliyechimba mtaro wala kuvuta waya mpya, wala hakuna askari wa kusimamia: kila kompyuta inajipunguza yenyewe ikitegemea na jirani atajipunguza. Sisi pale bandarini Kibirizi boti ya kwenda Kagunga ikisogea, hata mwenye tiketi mkononi anaruka. Na Jacobson mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 2016, akiwa Google, alikuwa miongoni mwa waliotoa BBR, mbinu ya kupanga kasi ya kutuma isiyongoja pakiti ipotee bali inapima upana wa njia na muda wa kwenda na kurudi. Miaka 28 baadaye anarudi kuifumua kazi yake mwenyewe! Mimi hata rangi ya duka nimeshindwa kubadilisha.

Saa tatu usiku ndipo nikakumbuka traceroute, programu ya Jacobson huyo huyo ya kuonyesha pakiti inapita vituo gani na inachelewa wapi. Inatuma pakiti ya kufia kituo cha kwanza, kisha ya kufia cha pili, na kila kituo kinarudisha taarifa, mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza, ruta yangu, ulijibu papo hapo. Wa pili, pale laini inapotoka dukani, karibu sekunde tatu. Kuanzia hapo mbele hakikuongezeka kitu cha maana.

Foleni yote ilikuwa mlangoni kwangu.

Waliobaki walikuwa watatu. Niliwaomba wasubiri zamu, nikazima kompyuta tano, nikamwita binti wa Ujiji. Alibonyeza mara moja, akaweka mikono mapajani. Fomu ikaenda kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Mzee akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia aache tu, baba. Aliikunja noti ya elfu mbili akaisukuma chini ya kibodi, akamshika binti yake mkono wakaenda kutafuta bodaboda.